Asali Husema Ilikotoka

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kilichomo katika kabati la jikoni la wengi wetu, nacho ni asali.

Hapa Nairobi asali huuzwa kila mahali. Utaipata dukani katika chupa yenye karatasi nzuri, na utaipata kando ya barabara katika chupa ambayo zamani ilitiwa kitu kingine. Mnunuzi wa Nairobi, kwa kuwa amekwisha kudanganywa mara nyingi, huuliza swali moja tu: "Je, hii ni asali kweli, au ni sukari iliyochemshwa?" Mmoja huitikisa chupa, mwingine hudondosha tone ndani ya maji, mwingine huchovya kijiti cha kiberiti kisha akajaribu kukiwasha. Swali hilo si baya. Lakini leo natamani tuulize swali la pili, ambalo wachache huliuliza: "Asali hii imetoka mahali gani?" Maana asali ina tabia moja ya ajabu: haiwezi kuficha kwao. Mahali ilikotoka pamo ndani yake.

Tuanze na kazi ya nyuki mwenyewe. Nyuki hatengenezi asali kwa kitu chake mwenyewe. Huenda katika ua, akanyonya maji matamu yaliyomo, akayabeba tumboni mwake katika kifuko maalumu, akayarudisha mzingani. Maji hayo ni mepesi sana, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji matupu. Huko mzingani nyuki hupokezana kinywa kwa kinywa, huyageuza kwa vitu vitokavyo miilini mwao, kisha huyapepea kwa mabawa hata maji yapungue na kubaki chini ya sehemu moja katika tano. Ndipo hulifunika sega kwa nta. Nyuki mmoja mtenda kazi, katika majuma machache ya maisha yake wakati wa kazi nyingi, hukusanya asali isiyojaza hata kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo kijiko unachokitia katika chai yako ni maisha ya nyuki wengi.

Basi, kama asali hutoka katika maua, ni lazima ifanane na maua yake. Mgunga wa nchi kavu huleta asali ya rangi nyepesi. Mti ule tuuitao grevilea, ambao wakulima wengi wa Kikuyu na Dagoretti wameupanda mipakani mwa mashamba, huleta asali nyeusi kidogo, nzito, yenye ladha ya nguvu. Mukinduri nao, ambao huchanua mvua inyeshapo, huleta asali ya rangi ya giza na ladha kali. Hata kuganda kwa asali hutokana na maua. Iko asali igandayo upesi na iko ikaayo majimaji muda mrefu, kwa kuwa sukari zilizomo katika maua hazilingani. Kwa hiyo, mama uliyenunua asali safi mwezi wa sita, ukaikuta mwezi wa saba imeganda kwa baridi yetu ya Nairobi, usiseme upesi kwamba muuzaji alitia sukari. Usimhukumu mtu kabla ya kujua habari yake.

Mahali hubadili hata nyuki mwenyewe. Wataalamu husema kwamba nyuki wa pwani yetu ni mdogo wa mwili, nyuki wa milima mirefu ni mweusi na mkubwa zaidi, na kati yao yuko nyuki wa nyanda hizi zetu, aliye mkali na mwepesi wa kuhama. Maua yakiisha, maji yakikauka, moshi ukizidi, huyu nyuki wetu hakai akingoja kufa. Kundi zima huinuka na kwenda zake, na mwenye mzinga akija huona masega matupu.

Sasa tuje katika mji wetu. Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, penye maji baridi. Upande wa mashariki ni tambarare kavu yenye udongo mweusi. Upande wa magharibi, kuelekea Karen, Dagoretti na vilima vya Ngong, nchi hupanda, mvua huzidi, na udongo ni mwekundu. Kwa sababu hiyo nyuki wa magharibi ya mji wamekuwa na chakula kingi tangu zamani. Wazee wa pande hizo walitundika mizinga ya magogo katika miti ya misitu kabla ya reli kufika. Na huko huko, Lenana, pande za Ngong Road, serikali iliweka kituo cha taifa cha ufugaji nyuki. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 ulibuniwa hapa Kenya ule mzinga wa sanduku wenye vijiti vya mbao juu, ambao leo hujulikana katika nchi nyingi za dunia kwa jina la Kenya. Ni jambo la kumshukuru Mungu kwamba jina letu limekwenda mbali kwa kazi ya amani kama hiyo.

Lakini maua ya Nairobi hayakubaki yale ya zamani. Mwaka 1907 ilianzishwa bustani ya miti iitwayo Arboretum, hapo kati ya mji na Kileleshwa, ili kujaribu miti ikuayo upesi, kwa kuwa garimoshi lilihitaji kuni. Ililetwa mikaratusi kutoka Australia na miti mingine kutoka nchi nyingi. Jakaranda, ambayo huufanya mji wetu kuwa wa zambarau kuanzia mwezi wa tisa hivi, asili yake ni Amerika ya Kusini. Grevilea nayo ilitoka Australia. Lavington palikuwa na kahawa ya wamisionari wa St Austin's. Karen palikuwa na shamba la kahawa la mwandishi Karen Blixen, lililouzwa mwaka 1931 na baadaye kukatwa viwanja vya nyumba. Nyuki wa siku zile walipata maua meupe ya kahawa. Nyuki wa leo hupata maua ya bustani za majumba. Asali ya Nairobi, basi, ni kama watu wa Nairobi. Baba katoka huku, mama katoka kule, na wote wanakutana katika sega moja.

Ndugu msikilizaji, nyuki huenda umbali gani kutafuta chakula? Kwa kawaida huzunguka kilomita 2 au 3 kutoka mzingani, na njaa ikizidi aweza kwenda hata kilomita 10. Tena hatafuti ovyo. Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alichunguza jinsi nyuki aliyepata maua anavyorudi na kucheza juu ya sega, akiwaonyesha wenzake kwa mchezo huo upande wa kwenda na umbali wake.

Kasisi ana parokia yake, na nyuki naye anayo ya kwake, ambayo ni duara la kilomita 3 kila upande. Chukua mzinga mmoja uliotundikwa Kawangware. Ndani ya duara hilo zimo nyumba za mabati za Kawangware yenyewe, umo upande wa Kangemi, na zimo bustani za Lavington zenye maua ya kila rangi na mbwa wa kulinda lango. Mtu wa Kawangware akifika kwenye lango hilo huulizwa anakwenda kwa nani. Nyuki wa Kawangware haulizwi. Hupita juu ya ukuta na seng'enge, akala maua ya tajiri, akarudi kuweka asali katika mzinga wa maskini. Na akiona kiu, hunywa penye maji ya karibu, yawe ya bomba la bustani au ya mtaro upitao nyuma ya choo.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Sisi tumegawanya mji huu kwa kuta, kwa kodi ya nyumba na kwa barabara. Nyuki hajui habari za kuta hizo. Yeye huuonja mji wote pamoja, kisha huleta ushahidi. Mto wetu wa Nairobi huanza katika chemchemi za Ondiri huko Kikuyu, ukashuka kupitia Dagoretti na Kawangware hata kufika mjini. Kila mtaa huongeza kitu chake ndani ya mto huo, na kila mtaa husema, "Uchafu huu si wetu, umetoka juu." Nyuki anywaye hapo haulizi umetoka kwa nani.

Twende katikati ya mji. Umewaona nyuki wa mjini? Utawaona juu ya mkokoteni wa muuza miwa, wakizunguka chupa za soda zilizomwagika, wakiingia katika pipa la takataka penye maganda ya maembe. Mwuza miwa huwafukuza kwa kitambaa, nao hurudi. Nyuki hawa si wavivu walioacha kazi ya maua. Wanatafuta utamu, na huuchukua popote waupatapo. Mwaka 2012, katika mji wa Ribeauvillé huko Ufaransa, wafugaji nyuki walifungua mizinga yao wakaona ajabu: asali ya rangi ya buluu na ya kijani! Walipochunguza, waligundua kwamba karibu nao palikuwa na kiwanda kilichopokea mabaki ya peremende za rangi, na nyuki walikuwa wakienda kula mabaki hayo. Nyuki walikuwa nyuki wa kweli, na kazi waliifanya kwa bidii ile ile. Lakini asali ile haikuweza kuuzwa kama asali.

Wazazi, mnasikia? Bidii peke yake haitoshi. Tunawaambia watoto wetu wawe na bidii kama nyuki, nasi twasema vema. Lakini bidii hugeuza kuwa asali kile tu ilichokipata karibu. Mtoto mwenye akili nyepesi na mikono hodari, akizungukwa na mabaki, atakusanya mabaki kwa bidii kubwa. Kabla ya kumlaumu kwa rangi ya asali yake, tutazame tumempandia nini karibu na mzinga.

Tena kuna mambo ambayo macho hayayaoni. Tarehe 15 Aprili 2019 kanisa kuu la Notre-Dame huko Paris lilishika moto, na madini ya risasi yaliyofunika paa lake yakapanda pamoja na moshi. Miezi michache baadaye wachunguzi walipima asali ya mizinga ya mji ule, wakaona kwamba asali iliyotoka upande ambao upepo ulipeleka moshi ilikuwa na risasi zaidi. Huko Vancouver, nchi ya Kanada, habari iliyotolewa mwaka huo huo wa 2019 ilionyesha jambo kama hilo: asali ya katikati ya mji na karibu na bandari ilikuwa na risasi kuliko asali ya mbali na mji, ijapokuwa ilikuwa bado salama kwa kuliwa. Asali haikuwa na nia ya kumshitaki mtu. Ilisema tu ilikotoka.

Sisi nasi tuna moshi wetu. Ni kweli, na tushukuru, kwamba petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu hizi kufikia mwaka 2006. Lakini simama jioni pale Dagoretti Corner au Kangemi, magari yakiwa yamesongamana, uone moshi mweusi wa dizeli unavyotoka nyuma ya magari. Moshi huo hauwaudhi watu tu. Mwaka 2013 wataalamu wa Uingereza walionyesha kwamba moshi wa dizeli huiharibu harufu ya maua, hata nyuki aliyekuwa ameizoea harufu hiyo akashindwa kuitambua. Hebu fikiri: ua liko mahali pake, limechanua, lina utamu wake, lakini njia ya kulifikia imefutwa na moshi. Nyuki hupita karibu nalo, akaenda zake na njaa.

Wapendwa, je, si hivyo wakati mwingine katika nyumba zetu na katika makanisa yetu? Neno la Mungu liko, upendo wa Kristo uko, lakini moshi wa ugomvi wetu umekuwa mwingi hata mgeni aingiapo haisikii harufu nzuri. Hupita karibu, akaenda zake.

Sasa niwasimulie jambo lililotokea miongoni mwa watu ninaowafahamu. Mzee mmoja wa upande wa Dagoretti, mjane aliyestaafu kazi, alikuwa na mizinga mitatu nyuma ya nyumba yake. Asali yake ilimsaidia kulipa karo ya mjukuu. Asubuhi moja alikuta nyuki wamelala chini kama punje za kahawa zilizoanikwa, wengi wamekufa, wengine wakizunguka-zunguka wasiweze kuruka. Ulipofika mwisho wa juma, mizinga miwili ilikuwa imenyamaza. Baada ya kuulizauliza aligundua kwamba jirani yake, mama mwenye shamba la mboga, alikuwa amenyunyiza dawa ya wadudu saa nne ya mchana, maharagwe yakiwa yamejaa maua.

Watu hao wawili huabudu katika kanisa moja. Kwa majuma kadhaa mzee hakumsalimu mama yule, na alipokuja kwangu alisema maneno machache tu: "Mchungaji, ameniua nikiwa hai." Nilikwenda kwa mama. Alishtuka sana. Akaniambia kwamba wadudu walikuwa wakimaliza maharagwe yake, na maharagwe yale ndiyo karo ya watoto wake yeye. Hakujua kwamba nyuki waliokuwa wakiimba katika maua yake walikuwa wa mzee. Tena hakujua kwamba nyuki hao walikuwa wakimfanyia kazi yeye mwenyewe, kwa kuwa nyuki ndio wapelekao unga wa ua huku na huku, ili miti na mimea mingi izae.

Basi tazameni: karo mbili za watoto, kila mmoja akiilinda ya kwake, na kwa kutojua mmoja akaharibu ya mwenzake. Hapakuwa na mtu mwovu katika habari hii. Palikuwa na majirani wawili ambao hawakuwahi kuulizana, "Wewe unafuga nini? Na wewe unapanda nini?" Mama alikwenda kwa mzee, akaomba radhi, wakala pamoja. Siku hizi, akitaka kunyunyiza dawa, humpelekea mzee habari siku moja kabla, na hunyunyiza jioni nyuki wakiwa wamerudi, wala hanyunyizi juu ya maua yaliyofunguka. Mzinga mmoja umepata kundi jipya. Wa pili bado ni mtupu hata leo.

Jambo hili si la Dagoretti peke yake. Mwaka 2017 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa asali kutoka pembe zote za dunia, vipimo 198. Robo tatu yake ilikuwa na dalili za dawa za kuua wadudu za jamii moja, ziitwazo neonikotinoidi. Kwa sehemu kubwa kiasi chake kilikuwa chini ya kile kinachohesabiwa kumdhuru mwanadamu. Lakini nyuki si mwanadamu. Alilolibeba kwa miguu na kinywa chake humpata yeye kwanza.

Tunapofungua Biblia tunaona kwamba asali imetajwa mara nyingi kuliko tunavyodhani. Mungu aliponena na Musa, katika Kitabu cha Kutoka mlango wa 3, aliahidi kuwaleta watu wake katika nchi iliyojaa maziwa na asali. Wako waliofikiri kwamba asali hiyo ilikuwa ya tende tu. Lakini mwaka 2007, mahali paitwapo Tel Rehov katika bonde la Yordani, wachimbaji wa mambo ya kale walipata mizinga ya udongo iliyopangwa safu kwa safu, yenye umri wa karibu miaka 3,000. Watu wa nchi ile walifuga nyuki kweli.

Mtu aweza kusikia maneno hayo ya maziwa na asali akadhani ni habari ya anasa, kana kwamba Waisraeli waliahidiwa kukaa na kulamba vidole. Mimi naona kwamba ni habari ya hali ya nchi. Hakuna maziwa pasipo majani ya ng'ombe na mbuzi. Hakuna asali pasipo maua, na hakuna maua pasipo mvua, na udongo ulio hai, na miti iliyoachwa kusimama. Kusema nchi ina maziwa na asali ni kusema nchi ni nzima. Mungu hakuwaahidi chupa ya asali. Aliwaahidi mahali ambapo asali yaweza kuwako.

Na sisi tumepewa mahali. Mahali petu ni Kawangware na Kileleshwa, ni Kangemi na Westlands, ni Karen na Dagoretti, ni Uhuru Park na Kirinyaga Road. Je, nyuki akiuzunguka mji huu leo, ataleta ushahidi gani?

Ataleta habari njema. Msitu wa Ngong Road ungali upo, ingawa tangu ulipotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932 umemegwa mara nyingi hata umebaki chini ya nusu. Uhuru Park ipo, kwa sababu mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alisimama, akatukanwa, wala hakuondoka, mpaka ule mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani yake ukaachwa. Arboretum bado hufunguliwa, na mtu mwenye mawazo mazito aweza kukaa chini ya mti akaomba.

Lakini ataleta na habari nyingine. Kando ya Waiyaki Way na Uhuru Highway miti mingi ilikatwa tangu mwaka 2020 ili barabara mpya ya juu ijengwe. Barabara ina faida yake, nami sisemi kwamba mji usijenge. Kileleshwa, palipokuwa na nyumba moja katikati ya bustani, leo pana ghorofa kumi na uwanja wa magari uliofunikwa kwa saruji. Watu wanahitaji pa kulala. Hilo pia ni haki. Ninalosema ni hili: kila mara tung'oapo mti uliochanua, tunaondoa sahani mezani pa mtu ambaye hatumjui. Yaweza kuwa ni nyuki wa mzee fulani aliye ng'ambo ya ukuta, kilomita 2 kutoka hapo, na karo ya mjukuu wake imo ndani ya ua hilo.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alisimulia habari ya Msamaria, na mpaka wa ujirani ukavunjika. Nyuki naye hutusaidia kuupima ujirani. Jirani yako si yule tu mnayepakana ukuta. Jirani yako ni kila mtu aliye ndani ya duara la nyuki wako: moshi wako humfikia, maji yako machafu humshukia, dawa yako humwua nyuki wake, na ua lako humlisha. Huwezi kuzuia jambo hilo. Unaweza tu kuchagua utampelekea nini.

Kwa hiyo, wapendwa, nawaomba mambo matatu madogo. La kwanza: juma hili panda kitu kimoja chenye maua. Aliye na kiwanja apande mti, mukinduri au mgunga au mparachichi. Aliye na chumba kimoja Kawangware apande hata katika kopo la mafuta lililo mlangoni. Nyuki hadharau kopo. La pili: ukinyunyiza dawa, nyunyiza jioni, usinyunyize juu ya maua, na umwambie jirani. La tatu: weka maji safi katika sahani yenye mawe madogo, ili nyuki asimame asizame, hasa miezi ya kiangazi. Vikundi vya akina mama na vijana wa kanisa mwaweza kufanya hayo pamoja kuzunguka uwanja wa kanisa, kwa kuwa viwanja vya makanisa mengi yetu vimekuwa vya magari peke yake.

Na kwa ajili ya roho zetu neno ni lile lile. Maneno yatokayo vinywani mwetu ni kama asali au ni kitu kingine kabisa, na hayawezi kuficha kwao. Mtu akizungumza nawe kwa muda kidogo, utajua moyo wake hulishwa wapi. Mtu alishwaye kwa masengenyo hutoa masengenyo, hata akiyafunika kwa sala. Mtu akaaye karibu na Kristo, akirudi kwake kila siku kama nyuki arudivyo katika maua, hutoa utamu ambao yeye mwenyewe hakuutengeneza. Kabla ya kuuliza, "Nitabadilishaje maneno yangu?" uliza, "Nimekaa karibu na nini?"

Tuombe.

Ee Mungu, uliyeumba ua na nyuki na mkono wa mwanadamu, tunakushukuru kwa mji huu uliotuweka ndani yake. Tusamehe kwa yale tuliyoyaharibu kwa kutojua, na kwa yale tuliyoyaharibu huku tukijua. Utufundishe kuwakumbuka wale walio ng'ambo ya kuta zetu. Uwabariki wakulima na wafugaji wa nyuki, na wote wanaotafuta karo ya watoto kwa kazi ya mikono yao. Uifanye mioyo yetu kuwa mahali ambapo utamu waweza kupatikana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Hadi tutakapokutana tena, Bwana awe nanyi.